Mlio wa tik-tik kwenye gari la marehemu kaka, uliokuwa ukikoma kila tukifika makaburini

Wakuu, habari za mahangaiko. Walioko kazini na wanaosoma kwa kujificha, wote nawasalimu.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, na shahidi wangu mkubwa yuko hai mpaka leo. Sitaongeza chumvi. Na pale nilipokosea nitasema nilikosea, maana kosa langu ndilo lililoanzisha yote.

Kama huna gari usiondoke. Nitaeleza taratibu, hakuna kitu kigumu, na hata anayepanda tu gari la mwenzake inamhusu.

Mimi ni mkulima wa kahawa huku Namswea, Mbinga. Sio fundi. Nimeendesha magari ya watu kwa miaka mingi, na kawaida yangu kitu kikiharibika nakaa nacho mpaka nielewe kwa nini.

Kaka yangu Gaudensi alikuwa na kigari cha abiria cha petroli, vile ambavyo injini iko chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuiona injini unainua kiti.

Mke wake, shemeji yangu Mama Neema, ni Mnyasa wa Liuli. Biashara yao ilikuwa kushuka ziwani kuchukua usipa, wale samaki wadogo wa kukausha, na kupanda nao kuja kuuza Mbinga mjini.

Shemeji ni mtu wa maneno. Alikuwa akitucheka sisi Wamatengo kwa kufunga madirisha kila mahali. Akasema, "Nyie watu wa milimani mnaogopa upepo kuliko mnavyoogopa dhambi."

Mwaka jana mwezi wa tano kaka aliugua ghafla akiwa huko huko Liuli, ukweni. Hakumaliza wiki.

Kwetu mwanaume anazikwa kwao. Tukatoa viti vya nyuma vya gari lake, tukalaza jeneza, mimi nikashika usukani, shemeji akakaa mbele kushoto kwangu. Ndugu zake wawili walikaa nyuma, mmoja kila upande wa sanduku.

Mnaoijua njia ya kutoka ziwani kuja Mbinga mnajua ule mpando. Kona juu ya kona. Tulipofika katikati, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho.

Tulikuwa tumechelewa. Nyumbani kaburi lilikuwa tayari, padre amefika, na kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi wazi mpaka kesho. Nilikuwa naangalia jua kuliko barabara.

Nikasimama, nikainua kiti. Injini inafuka. Sikusubiri. Nikachukua dumu la maji, nikaimwagia injini yote kuanzia juu ili ipoe upesi.

Ikachemka kama chuma chekundu kinapotumbukizwa kwenye ndoo. Mvuke ukajaa ndani ya gari. Halafu, ndani ya mvuke ule, tukasikia "tak".

Mara moja tu. Kavu.

Wakuu, wote wanne tuligeuka kuliangalia jeneza. Tukajaza maji kwenye rejeta, nikarudisha kiti kwa haraka, tukaenda. Tulimzika jua likiwa limebaki kidogo.

Matanga yakaisha. Familia ikakubaliana niendeshe gari ili shemeji asikose riziki ya watoto. Asubuhi ya kwanza nilipowasha, likaanza.

Tik. Tik. Tik. Tik.

Kama mtu anayegonga ubao kwa ukucha. Nikikanyaga mafuta anaharakisha, nikiachia anapunguza. Na mlio ulitoka chini ya kiti cha kushoto, kile anachokalia shemeji.

Makaburi ya ukoo wetu yako njiani kuelekea mjini, baada ya kuvuka kijito, kona ya kwanza. Ni mwendo wa dakika kama tisa kwa ile barabara ya vumbi. Tulipofika usawa wa kaburi la kaka, mlio ukakoma.

Haukupungua. Ulikoma kabisa.

Safari ya pili, hivyo hivyo. Unaanza nyumbani, unakoma makaburini. Ya tatu, nikawa naiangalia ile kona kwa mbali, na msalaba ulipotokea kwenye ukungu, kimya.

Shemeji hakushtuka. Alijitandia kitenge chake na kusema taratibu, "Amefika kwake. Amenyamaza."

 

Nikapeleka gari kwa Fundi Kasiani, gereji yake iko Mbinga mjini. Ni mtu mzima, ana utani mwingi, lakini mkono wake una akili. Nikamweleza mlio. Akawasha, akainama, akasikiliza. Hakuna.

Nikarudi safari nyingine. Hakuna. Mara ya tatu akafuta mikono, akaniangalia na kusema gari langu lina adabu, likimwona mkubwa linanyamaza. Akaongeza, "Safari ijayo liache nyumbani, njoo wewe nikupime."

Hapa nieleze kidogo kwa ambao gari lao linalia sasa hivi. Mlio wa tik-tik unaoenda na mwendo wa injini una vyanzo kadhaa, na si vyote vya kutisha. Cha kwanza kabisa angalia oili, maana ikipungua vyuma vya juu vinagongana vikiwa vikavu. Inaweza kuwa tapeti, vile vyuma vidogo vinavyosukuma valvu, zimelegea. Inaweza kuwa plagi haikukazwa. Na inaweza kuwa moshi unavuja mahali kabla haujafika kwenye bomba la eksozi, kila silinda ikitema, unasikia tik. Huu wa mwisho watu wengi wanaufananisha na tapeti. Mimi pia. Tulibadilisha oili, tukaweka nzito kidogo, tukapima tapeti. Kesho yake asubuhi, tik, tik, tik, mpaka makaburini.

Habari ikaenea. Wanawake wa jirani waliokuwa wakiomba lifti wakaanza kusema wanapenda kutembea.

Ikaingia Juni, baridi ya kwetu mnaijua au mmeisikia. Ukungu unakaa mpaka saa tatu, kahawa ndiyo inachumwa, vidole havikunjiki. Na kwa upande wa ukoo wetu, mfiwa hapigwi baridi. Wazee wanasema mwili wenye huzuni uko wazi, upepo unaingia nao magonjwa. Kwa hiyo mama yangu alikuwa na utaratibu. Kila siku ya safari nawasha gari uani lipate moto, halafu yeye anamtoa shemeji ndani, anamweka kwenye kile kiti cha kushoto kwa sababu ndicho chenye joto, anamfunika blanketi mpaka kidevuni, anafunga kioo mwenyewe na kukisukuma kwa kiganja kuhakikisha.

Yalikuwa mapenzi, wakuu. Nataka mlielewe hilo kabla hatujaenda mbele. Mama alimpenda yule mkwe kuliko alivyotupenda sisi wengine.

Shemeji akaanza kuumwa kichwa. Mwanzoni tulisema ni kulia. Kisha akawa anasinzia njiani, kichwa kinaanguka begani, nikimwamsha anaangalia kama mtu anayetoka mbali. Siku moja tulipopita makaburi akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayetaja bei ya sukari, kwamba kaka alikuwa amekaa kati yetu.

Kati yetu hapakuwa na kitu. Niliangalia.

Akawa mwembamba. Nyumbani wakaanza kunong'ona kwamba Gaudensi hajaridhika, anamwita mkewe. Mama akaomba misa ya marehemu. Misa ikasomwa. Mlio ukaendelea.

Katikati ya Juni tulishuka Liuli kuchukua usipa, tukalala kwao. Asubuhi nikawasha, tik, tik, ukaja. Niliogopa, maana nilidhani kaka tumemwacha milimani. Lakini kule ni joto, shemeji alifungua vioo vyote, mkono nje, akawa anataniana na shangazi zake waliokuwa wakianika samaki. Mlio ukakoma baada ya muda, mahali pasipo na kaburi wala msalaba, penye mitumbwi tu iliyopinduliwa mchangani. Na siku ile hakuumwa kichwa.

Nilikuwa na jibu lote mkononi, sikuliona. Nilifikiri amepata nafuu kwa sababu yuko kwao.

Sasa niwapeleke kwenye asubuhi yenyewe. Ilikuwa Julai, siku ya soko. Nikawasha gari, mama akamfunika shemeji kama kawaida, akafunga mlango. Mimi nikaenda kufunga viroba vya usipa, kamba moja ikakatika, nikatafuta nyingine. Nilichelewa. Labda robo saa, labda zaidi.

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba gari nililisikia tu, sikuliona. Tik, tik, tik. Nakumbuka nilisimama na kamba mkononi nikasikiliza, na kwa mara ya kwanza nikaona kama ule mlio una subira. Kama mtu anayejua atafunguliwa mlango.

Nilipofika dirishani shemeji alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo. Anatabasamu.

Nikagonga kioo. Hakufumbua macho. Mama akaja nyuma yangu, akanishika mkono, akasema, "Muache baba. Anaongea na mwenzake."

Nusura nimuache, wakuu. Nilisimama pale nikihesabu pumzi zake kwenye kioo, na niliona zinachelewa.

Nikafungua mlango. Akanidondokea kama kiroba. Nilimburuta mpaka kwenye majani yenye umande, nikampigapiga mashavu, nikamwita kwa jina lake la nyumbani ambalo sina ruhusa ya kulitumia. Mama akapiga magoti kwenye tope na kuanza Salamu Maria. Ilichukua muda ambao siwezi kuupima. Kisha akavuta pumzi kwa kelele, akatapika, akalia.

Tulimkimbiza zahanati kwa pikipiki, mimi nyuma nimemshikilia. Gari sikuligusa.

Nesi alikuwa binti mdogo, sijui hata kama alishamaliza mwaka pale. Alimpima, akamweka mahali penye hewa, akauliza swali moja tu. "Mlilala na jiko la mkaa ndani?"

Nikasema hapana. Shemeji analala na watoto, dirisha lina nafasi, na mkaa wanapikia nje.

Akasema ajabu, kwa sababu anawapata kila mwaka kipindi hiki cha baridi, watu wanafunga mlango na jiko ndani ili wapate joto. Kichwa, kutapika, usingizi, na wengine wanaona watu wasiokuwepo. Wengine hawaamki.

Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Jiko ndani. Mlango umefungwa. Joto. Nikamwona mama akisukuma kioo kwa kiganja. Jiko lilikuwepo, wakuu. Lilikuwa chini ya kiti chake.

Lakini mimi ni mtu wa kuhakikisha, na kulikuwa na lile la makaburi lisilotaka kutoka kichwani.

Kesho yake alfajiri nikawasha gari peke yangu, vioo vyote wazi, nikaelekea upande mwingine kabisa, njia ya juu inayoingia mashambani, isiyopita kaburi la mtu yeyote. Simu mapajani nahesabu dakika. Tik, tik, tik. Dakika ya tano. Ya saba. Ukungu unaingia ndani ya gari na kutoka upande wa pili.

Dakika ya tisa ikakoma.

Nilisimamisha gari. Kushoto kahawa, kulia kahawa, hakuna mtu. Niliogopa pale kuliko nilivyowahi kuogopa makaburini. Ukizoea kwamba jambo lina mwenyewe, halafu ukaambiwa halina, unabaki mpweke sana.

Ilibidi nikae kidogo ndipo nikaelewa. Mlio haukuwa unafuata mahali. Ulikuwa unafuata muda wa kutembea, maana likiunguruma tu uani kwenye baridi lilikuwa halipati moto wa kutosha. Makaburi yetu yako dakika tisa kutoka nyumbani, basi. Na gereji ya Kasiani iko mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo fundi hakuwahi kuusikia, si kwa adabu bali kwa sababu gari lilikuwa limeshapata moto.

Nikampigia. Nikamwambia gari siliwashi tena, njoo ulisikilize likiwa limelala. Akasema miaka yote hiyo watu wanamletea magari yaliyoamka.

Alikuja asubuhi iliyofuata kwa bodaboda, amejifunika koti mpaka masikioni. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, karibu uji." Uji akaukataa kwanza, akainua kiti.

Njia yake ni rahisi, hata wewe unaweza. Kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono, ncha moja sikioni, nyingine unaitembeza karibu na injini ikiwa inaunguruma, bila kugusa mkanda wala feni. Pale mlio unapokuwa mkali kama unagongwa ndani ya sikio, hapo ndipo.

Akatembeza. Akasimama. Akamwita mama asikilize.

Mama alishika ule mpira kwa vidole viwili kama kitu kilichobarikiwa. Akasikiliza muda mrefu. Macho yakamjaa, akasema, "Anapumua."

"Ndiyo mama," Kasiani akasema kwa upole. "Anapumua. Ila ni eksozi."

Akazima. Akaacha vyuma vipoe vizuri, akanywa ule uji, akarudi. Akapaka maji ya sabuni kwa brashi kwenye menifoldi, yaani kile chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote, akaniambia niwashe kidogo tu. Povu likachemka mahali pamoja. Alipofuta tukaona ufa mwembamba kama unywele, na pembeni yake masizi meusi. Chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unajifunga, mlio unakoma. Kikipoa unafunguka.

Akaangalia pembeni mwa kiti. Mpira wa kuzuia hewa ya injini isiingie kwa abiria ulikuwa umejikunja. Moshi ulikuwa unapanda moja kwa moja miguuni kwa shemeji, ndani ya blanketi. Na injini ya petroli ikiwa baridi ndipo moshi wake unakuwa na sumu zaidi.

Akauliza bila kuniangalia, "Nani alimwagia hiki chuma maji kikiwa cha moto?"

Hapo ndipo "tak" ilinirudia sikioni. Nikasema ni mimi, siku ya mazishi. Na kiti nilikifunga mimi.

Mama alikuwa amekaa chini. Akasema basi yeye ndiye aliyekuwa akimfungia moshi mkwe wake, kila safari, kwa mikono yake.

Kasiani akachuchumaa mbele yake. "Ulimfunika mtoto, mama. Huo moshi hauna rangi wala harufu ya kukuamsha. Ungeujuaje?"

Tulipata menifoldi iliyotumika yenye afya, gasketi mpya, mpira ukanyooshwa. Shemeji alipumzika wiki mbili, rangi ikarudi, utani ukarudi.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo alikaa palepale mbele. Nikawasha. Injini laini, kimya. Nikaanza kumweleza yote kama nilivyowaeleza nyie, ufa, joto, dakika tisa. Aliitikia kila kitu. Kwamba ile sumu inaleta ndoto, alikubali. Tulipita makaburi bila kitu chochote kutokea, na hicho ndicho kilichoonekana kumuumiza.

Tulipokaribia mjini akasema, "Shemeji, mliuliza gari kila kitu. Mimi hamkuniuliza alikuwa ananiambia nini."

Nikamuuliza.

"Neno moja tu, kila siku. Fungua kioo."

Nilipunguza mwendo. Nikamuuliza kwa nini sasa hakufungua.

"Mama alisema nisipigwe baridi. Ningemsikiliza nani, marehemu au mkwe?"

Akacheka. Mimi sikuweza.

Wakuu, najua mtaniambia mwili wenyewe unajua unakosa hewa, na mtu akiwa ndotoni mwili unachukua sauti anayoiamini. Hata mimi najiambia hivyo. Siku nyingine natosheka, siku nyingine hapana.

Nilichojifunza ni hiki. Gari likilia asubuhi tu, fundi alisikilize asubuhi likiwa baridi. Injini ya moto usiimwagie maji, hata kama anayesubiri ni kaburi. Usipashe gari moto na mtu ndani, vioo vimefungwa, hasa wenzangu mnaokaa kwenye baridi. Na mgonjwa akisema anaongeleshwa, kabla hujaita fundi wala padre, muulize anaambiwa nini.

Wenye magari yanayolia, wekeni hapa mlio uko vipi na unakoma wakati gani, tusaidiane kutafuta. Usione aibu kwamba hujui, sote tulianzia hapo. Na aliyewahi kukutwa na la namna hii naomba aseme lake, nitasoma yote.